Mkalimani wa Bibi na Nana

Siku tuliyomwosha Bibi, chumba kilipojaa harufu ya karafuu maiti, shangazi yangu alifungua kasha akatoa kitambaa cha kichwa ambacho marehemu alikuwa amekitenga mwenyewe kwa ajili ya sanda yake. Vipande vingine vyote vilikuwa bafta ya kawaida ya dukani. Hiki kilikuwa kitani kizito, cha kufumwa kwa mkono, chenye uzi mwekundu ukingoni. Waoshaji walitazamana, mmoja akauliza kimetoka wapi. Nikaeleza. Jioni wanawake wa matanga wakauliza. Nikaeleza. Siku ya hitima akaja binamu yetu wa Mtwapa, ambaye huonekana kwenye misiba tu, naye akataka aelezwe tangu mwanzo huku akila biriani. Hapo nikaona nitakufa nikieleza. Nimeamua kuandika mara moja, na atakayeuliza tena atapewa asome.

Mama yangu si Mtaliani. Naanza na hilo kwa sababu Malindi nzima imekataa kulielewa hadi leo. Kwetu mtu mweupe akikaa mwaka bila kuondoka ni Mtaliani, na akibisha huambiwa si kitu, nyote ni wamoja. Mama ametoka Bosnia, katika mji mdogo ulio kando ya mto, ambao wakazi wake karibu wote ni Wabosniaki, yaani Waislamu wa huko, watu waliozaliwa katika dini na babu zao wakazaliwa katika dini. Jina la mji huo lina herufi zilizobanana hata ulimi wa Mswahili haupati pa kupita, kwa hiyo nyumbani tuliuita "kwao Mama" tukamaliza. Majirani zetu wa mtaa wa Shela walipomwona akisali walifurahi, wakampongeza kwa kusilimu. Alipowaambia hakusilimu, wakampongeza kwa unyenyekevu. Bi Tima, jirani wa mlango wa pili, alijitolea kumfundisha Alhamdu, na Mama, aliyeihifadhi kabla hajang'oka meno ya utoto, aliketi akafundishwa kwa sababu hakujua namna ya kukataa.

Baba alikuwa mpishi wa hoteli moja Watamu. Mwenye hoteli akamchukua Italia akampikie katika mkahawa wake, na humo jikoni Baba akamkuta msichana aliyekimbia vita kwao, anaosha sahani na kunung'unika. Waliozeshwa na imamu katika msikiti uliokuwa gereji zamani, mashahidi wakiwa Mmoroko na Msenegali ambao hawakuonekana tena. Hakukuwa na posa, hakukuwa na kupamba, hakikupigwa hata kigelegele kimoja. Bibi alipewa habari kwa simu. Nana, mama yake Mama, naye alipewa kwa simu. Kila mmoja alikata simu akiamini mwanawe ameibiwa. Wazazi wangu waliporudi Malindi kuishi, Bibi alijiona amerudishiwa chake, na Nana akabaki kule mtoni peke yake.

Lakini hata huko kurudishiwa kulikuwa na kasoro. Wageni wakija, Bibi hakumtambulisha Mama kama mkaza mwana. Alisema, "Huyu ndiye aliyekuja na mwanangu," kama anayezungumzia mzigo wa ziada. Hakusema kwa ubaya, aliupenda mkono wa Mama katika unga na alimtetea dhidi ya watu wa nje. Ila bi harusi, kwa Bibi, ni mtu aliyepambwa ukamwona kwa macho yako, na yeye hakuona kitu. Mama alilisikia neno hilo kila mara na kila mara alijifanya ana kazi jikoni.

Mama alipochoka na joto au na mafuta ya nazi, alianza kusimulia kwao. Kwao mto ni wa kijani na unaona mawe chini. Kwao kuna daraja la mawe, vijana huruka kutoka juu yake wakati wa kiangazi ili wasichana wawaone. Msikiti una mnara wa mbao. Kila nyumba ina bustani inayoteremka hadi majini, na wakati wa kupika jamu ya matunda ya rangi ya zambarau, mji mzima hunuka moshi na sukari. Nilizisikia habari hizo hata nikawa naweza kumsahihisha akisahau kitu.

Tatizo ni kwamba mto niliokuwa nimeuona kwa macho ulikuwa mmoja tu, Sabaki. Tulikuwa tukivuka daraja lake tukienda Mambrui kwa jamaa, na mimi nikichungulia yale maji mekundu yanayotoka bara na kupinda yasionekane tena. Kwa akili yangu mto ni mto. Nilijua hakika kwamba kwao Mama ni huko juu, ukipita ile kona. Nikawaambia wenzangu wa madrasa kwamba kuna mji wa Waislamu weupe juu ya Sabaki, wanaoruka darajani katikati ya mamba na viboko, na wenzangu waliamini, kwa sababu walikuwa wamemwona mama yangu.

Nilipokuwa na miaka minane hivi, Nana alikuja. Alishuka kwenye teksi na suruali pana ya maua iliyobana vifundoni, kilemba kidogo kilichofungwa chini ya kidevu, na mikoba mikubwa ambayo hakutaka mtu aiguse. Nikamuuliza kama amekutana na mamba njiani. Akaniangalia, akamwambia Mama kwamba mtoto huyu ana homa.

Yeye na Bibi walianza vizuri. Walipeana salamu alekum, wakaitikiana, wakasema mashallah wakiniangalia, alhamdulillahi wakiulizana hali, inshallah sijui kuhusu nini. Walishikana mikono, wakatikisa vichwa. Nilifikiri wanafahamiana, nikataka kwenda kucheza. Kumbe Kiarabu cha dua ndicho pekee walichokuwa nacho, na kilipokwisha ndipo balaa langu lilipoanza.

Nyinyi wa rika langu mnajua kazi ya mtoto wa Kiswahili ni kutumwa. Tulitumwa chumvi, tulitumwa kwa jirani, tulitumwa kurudi tena kuuliza kama chumvi ni ya mawe au ya unga. Mimi nilitumwa maneno. Mama aliondoka asubuhi kwenda kuoka mikate hotelini, Baba aliondoka naye, na mimi, kwa kuwa Mama alizungumza nami lugha yake tangu kuzaliwa, niliachwa sebuleni kati ya wanawake wawili wakubwa wasionyamaza. "Mwambie." Hilo ndilo neno la likizo yangu yote. Mwambie hivi, mwambie vile, na ole wako upunguze.

Dirisha ndilo lililokaribia kunitoa roho. Ilikuwa kaskazi, jua linapasua mawe, na Bibi tangu alfajiri hufungua madirisha yote mawili na mlango wa uani ili upepo upite. Nana aliogopa upepo wa kupita kuliko nyoka. Kwao, alisema, upepo unaoingia huku na kutokea kule humpinda mtu shingo, humharibu figo, humfanya mwanamke asizae. Kwa hiyo Bibi akifungua, Nana alifunga, na anayetumwa kufungua na kufunga ni mimi.

"Mwambie Mungu katupa upepo bure, yeye yuaufungia nje."

Nikamwambia.

"Mwambie upepo wa kupita umeua watu wengi kuliko vita, na mimi nimeviona vyote viwili."

Nikamwambia. Kwa ajili ya hivyo vita Bibi akalegeza sauti, akasema, "Sawa. Mwambie basi yeye akae pale pembeni kwenye joto lake, na mimi nife hapa na upepo wangu."

Kahawa nayo ilikuwa hivyo hivyo. Wote wawili walikunywa kahawa chungu katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na mgeni angedhani hapo watapatana. Wapi! Bibi aliweka tangawizi, Nana akasema hiyo ni supu. Nana alichemsha yake ikiwa na vumbi lote ndani, Bibi akasema hilo ni tope. Nikawa natafsiri supu na tope kutwa nzima, na kikombe changu mimi ni maji.

Nana akaomba aonyeshwe mto wetu, kwa kuwa mtu wa mtoni, alisema, halali vizuri mpaka ajue maji yako wapi. Jumapili Baba akakodi tuktuk mbili tukaenda hadi darajani Sabaki. Nana alisimama muda mrefu akiutazama. Mimi nilimsubiri anyooshe kidole kule kwenye kona na kusema, pale ndipo kwetu. Badala yake akasema, "Mto wa rangi hii sisi tungeuita matope." Sikutaka kutafsiri, lakini Bibi alikuwa ameona pua yake ilivyokunjamana, akanibana: yuasema nini? Nikasema. Bibi, ambaye kwa maisha yake yote hakuwahi kuusifu Sabaki, ambaye aliulaani kila mvua ilipoleta mbu, alijifunga kibwebwe kuutetea. Mwambie tope hilo ndilo laotesha mahindi na migomba ya watu. Mwambie mto safi sana ni mto usiokuwa na kazi. Tulirudi nyumbani kila mtu na tuktuk yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, husemwa, na nilimwona Bibi akilitafuta jembe.

Ijumaa iliyofuata, baada ya adhuhuri, Nana alioga, akavaa kilemba kipya, akaniambia nimwite Bibi akae sebuleni. Bi Tima naye alikuwapo, maana Bi Tima alikuwapo daima. Nana akatoka chumbani ameshika kifurushi cha kitambaa cheupe kwa mikono miwili, kama abebavyo mtu mtoto mchanga. Alikuwa na haya, jambo nililoliona kwake mara ile tu. Akakiweka mapajani mwa Bibi.

"Mwambie ni cha kwake. Nimekifuma kwa mkono wangu. Nimengoja miaka mingi nimpe."

Nikatafsiri kwa uaminifu, neno kwa neno, kwa kuwa nilikwisha kupigwa makofi kwa kupunguza. "Nana anasema ni chako. Amekifuma mwenyewe. Amengoja miaka mingi akupe."

Bibi akafungua. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe cha kitani kilichokunjwa, kirefu, kisichoshonwa, uzi mwekundu ukingoni. Juu yake taulo jeupe. Juu ya taulo mche wa sabuni. Na kwa kuwa Nana alikuwa amekihifadhi miaka hiyo yote na vidonge vya kufukuza nondo, ikapanda harufu kali iliyojaa sebule nzima, harufu ambayo kila mwanamke wa Kiswahili anaijua na hajawahi kuikuta mahali pa furaha. Hata mimi niliijua. Ilikuwa karafuu maiti kabisa.

"Inna lillahi," alisema Bi Tima.

Bibi hakugusa kitu. "Mwambie," alisema polepole, "mimi sijafa."

Nikamwambia Nana kwamba Bibi anasema hajafa. Nana akashangaa, akasema alhamdulillahi, na Mungu amzidishie. Kisha, kwa kuona pengine hakueleweka, akatabasamu akaongeza maneno ambayo kwao husemwa kwa kila anayepewa nguo mpya. Nami nikayatoa kama yalivyo.

"Anasema uivae ukiwa na afya."

"Sanda huvaliwa na afya?" Bibi aliinuka, kifurushi kikateleza sakafuni. Akakisukuma kwa ncha za vidole hadi miguuni kwa Nana, akaingia chumbani kwake. Bi Tima akamfuata kumpepea. Nana alibaki amesimama anaitazama ile sabuni iliyoteleza hadi chini ya kabati, na sikupata kamwe kuona uso wa mtu ukizeeka kwa haraka namna ile.

Mngedhani Mama aliporudi na kueleza, mambo yaliisha. Hapo ndipo nisipowavumilia watu wazima hadi leo. Mama alieleza! Alimwambia Bibi kwamba hiyo ni desturi, ni zawadi, si sanda. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimefahamu. Ni zawadi. Lakini zawadi gani ya kumtisha mtu roho mbele ya jirani? Kesho Shela nzima itasema nimeletewa sanda na mgeni." Mama akaenda kwa Nana kumwambia Bibi amekosea tu, hakukusudia. Nana naye akasema amefahamu. "Lakini amekirudisha. Mbele ya shahidi. Kwetu kifurushi kikirudishwa, bi harusi amerudishwa. Basi binti yangu hakupokewa katika nyumba hii, na mimi sitamwacha mahali asipopokewa. Nitarudi naye." Wote wamefahamu, hakuna aliyelegea. Ilikuwa ni kutwanga maji kwenye kinu.

Baba, ambaye kwa kawaida husali haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni, siku hizo alikuwa mcha Mungu wa ghafla. Hakutoka msikitini. Akirudi alimpata mkewe analia huku na mamake amenuna kule, akasema labda ni wakati wa alasiri, akatoka tena.

Mama sikumwelewa kwa wakati ule. Nilitarajia agombe, kwa maana alijua kugomba. Badala yake alikaa kitandani, akasema kwa lugha yake, si kwangu hasa, "Labda twende kwa muda. Nimekaa hapa miaka yote hii na bado mimi ni yule aliyekuja na mtu." Kisha akapanda kiti akateremsha sanduku kubwa kutoka juu ya kabati. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile, na ninajua kwamba hakuwa akisikiliza ugomvi wa wazee wawili. Alikuwa akisikia jibu la swali alilolinyamazia tangu alipovuka kizingiti cha nyumba ile.

Mimi nilikuwa na hofu yangu mwenyewe. Katika mikoba ya Nana, ambayo nilikatazwa kuigusa na kwa hiyo nikaigusa, nilikuta soksi nyeupe za sufu. Ndogo. Nikazipima kwenye mguu wangu, zikanienea sawasawa. Malindi hakuna mtu anayevaa soksi za sufu, hata wenye homa. Nikajua basi. Safari ilipangwa tangu mwanzo, na mimi nimo. Nitachukuliwa kwenye mto wa baridi, nipite ile kona, niachwe na mamba na upepo unaoharibu figo, nisimwone tena Bibi wala wenzangu. Nililia siku mbili kimyakimya nikitafsiri.

Jumamosi ya juma lililofuata, asubuhi, sanduku lilikuwa mlangoni. Teksi ya kwenda Mombasa ilikuwa inasubiriwa. Bibi aliketi kiti cha upande huu, Nana kiti cha upande ule, dirisha moja liko wazi na moja limefungwa. Mama alisimama na mkoba begani. Baba alikuwapo, safari hii hakupata sala ya kukimbilia. Mimi nilikuwa katikati, mahali pangu.

"Mwambie safari njema," alisema Bibi, akitazama ukutani.

Nikamwambia.

"Mwambie ahsante kwa makao," alisema Nana, akitazama ukuta mwingine.

Nikamwambia.

"Mwambie hakuna aliyemfukuza."

"Mwambie hakuna aliyemkaribisha binti yangu."

"Mwambie binti yake kala hapa, kalala hapa, kazaa hapa, kukaribishwa ni nini zaidi?"

"Mwambie anajua vizuri ni nini zaidi."

"Mwambie..."

"Semeni wenyewe!" nilipiga ukelele. Sikujua sauti ile inatoka kwangu. "Semeni wenyewe, mimi nimechoka! Huyu fungua dirisha, huyu funga dirisha! Mwambie, mwambie, mwambie! Mwamgombania Mama kama mwanasesere, na mimi hakuna aliyeniuliza! Siendi kokote! Soksi zenu sizitaki, mto wenu siutaki, na sanda yenu mzikwe nayo nyote wawili!"

Na kwa kuwa nilikuwa mkalimani mwaminifu, nikageuka nikayasema yote tena kwa lugha ya Nana, pamoja na ile sehemu ya kuzikwa.

Kisha wakainuka pamoja, kwa kasi ambayo sikujua wanayo. Bibi alinishika sikio la kulia, Nana akanishika la kushoto, na wote wawili wakaanza kunifokea kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa lugha yake, kila mmoja akivuta kwake. Mtoto wa kike apaza sauti mbele ya wakubwa! Maneno gani haya ya kuombea watu kaburi? Nani kamfunza? Nana akanitingisha, Bibi akanitingisha. Ikafika mahali Bibi akasikiliza, akanyamaza, lakini sikio hakuliachia.

"Yasmini," Bibi alimwita Mama, maana jina lake halisi la Jasmina lilimshinda. "Mamako yuasema nini?"

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Anasema mtoto wa kike hapazi sauti mbele ya wakubwa. Anauliza nani kanifunza kulea."

"Kweli kabisa!" alisema Bibi, akamtikisia Nana kichwa. Nana, bila kutafsiriwa, akamtikisia Bibi kichwa. Halafu wakamgeukia Mama, wote wawili, kwa jicho moja.

"Na soksi gani asema huyu?" aliuliza Bibi.

Hapo Mama naye yakamfika. Akatupa mkoba chini. Akafungua mikoba ya Nana, akatoa kifurushi, akatoa kingine, akatoa kingine, akavipanga sakafuni, kila kimoja na taulo lake na soksi zake. Hiki cha Baba. Hiki cha shangazi. Hiki kidogo cha mtoto. "Ni za harusi, Mama," alimwambia Bibi. "Harusi yangu. Kwetu mama wa bi harusi hufumia kila mtu wa nyumba ya mume, ili ijulikane binti yake hakutoroka, katolewa na mamake kwa mkono wake. Alianza kufuma siku niliyompigia simu. Hakuwepo siku ile, na wewe hukuwepo. Sasa kaja kunitoa, hata kama kachelewa."

Bibi aliliachia sikio langu. Alivitazama vile vifurushi sakafuni kwa muda. Akamtazama Nana kuanzia kilemba mpaka suruali ya maua, kama aliyemwona akiingia wakati huo.

"Kumbe huyu ni mama wa bi harusi," alisema.

Sote tulidhani hilo lilijulikana.

"Na mkaja wake je? Yasmini, mamako kapewa mkaja?"

"Mkaja ni nini?" aliuliza Mama.

Bibi akajipiga paja kwa kishindo. "Ya Rabbi! Mkaja ni haki ya mama mzazi! Ni ule mkanda aliojifunga tumbo alipokuzaa. Mwana haolewi kwetu mpaka mamake apewe mkaja. Hata masikini hutoa, hata kwa leso moja. Sisi twamkalisha huyu mwanamke, twamwonyesha mito, na haki yake tumeikalia!" Akamgeukia Baba. "Na wewe, mjinga wangu, wajua desturi na wanyamaza! Wachukua mtoto wa watu kama kuku wa kuokota!" Baba akatazama saa ya ukutani, lakini adhuhuri ilikuwa mbali.

Bibi akaingia chumbani. Tukasikia kifuniko cha kasha. Akatoka na leso mpya za kisutu, zile za harusini, ambazo hazijawahi kufunguliwa, bado zimeshikana jozi. Akazikunja ukanda, akamwendea Nana, akamzungushia kiunoni juu ya suruali yake ya maua, akakaza, akafunga fundo. Kisha akaniangalia mimi.

"Mwambie ni ya tumbo lililomzaa Yasmini."

Nikamwambia. Kwa mara ya kwanza katika likizo ile sikupewa jibu la kurudisha. Nana aliweka mikono yote miwili juu ya lile fundo, akalishika. Baadaye akainama, akaokota kile kifurushi cha kwanza, chenye alama ya vumbi pale kilipoangukia, akakipangusa kwa kiganja, akamnyooshea Bibi tena.

Bibi akakipokea kwa mikono miwili. Akakileta puani, akapiga chafya.

"Mwambie nimepokea," alisema, machozi yanamtiririka, sijui ya nini, ya moyo au ya vile vidonge vya nondo. "Mwambie nimepokea nguo na nimepokea na mtoto. Ila hii harufu, mwambie, wallahi hii harufu!"

Bi Tima, ambaye kumbe alikuwa nyuma ya mlango muda wote ule, aliona hajaitwa lakini hawezi kuvumilia zaidi. Akapiga kigelegele kilichofika barabarani, na wanawake wa nyumba za jirani wakaja kuangalia kuna nini, na kwa kuwa hakuna mwanamke wa Shela anayesikia kigelegele akaacha kuitikia, nao wakapiga, wasijue wanampigia nani. Mtu akafungua lile dirisha la pili na Nana hakulifunga. Teksi ilikuja ikapiga honi, Baba akatoka kuirudisha. Mama aliketi juu ya sanduku katikati ya sebule, na unga wa jana kwenye mkono wa nguo, akalia kwa sauti, bila kujificha, kama inavyompasa bi harusi. Wanawake wakamzunguka, mmoja akamfunika leso kichwani. Hivyo ndivyo nilivyohudhuria harusi ya mama yangu, Jumamosi asubuhi, masikio yote mawili yakiniwaka moto.